Mipira Kumi na Miwili ya Bi Povu

Watu wanaocheza gofu hawajui mipira yao huenda wapi ikishazama bwawani. Mtu anapiga, anauma meno, anachukua mwingine mfukoni, basi, yameisha. Ningekuwa na uwezo ningewapeleka wote, mmoja mmoja, kwenye banda la bati nyuma ya stoo ya mashine za kukatia majani, wakae pale siku nzima na mama yule, wanuse. Mpira uliolala wiki mbili kwenye tope hutoka na harufu inayogoma kutoka mikononi hata kwa ndimu, na rangi ya meno ya mvuta tumbaku.

Bi Povu ameosha mipira kwenye uwanja ule miaka ishirini na sita. Jina hilo alipewa na wabeba mikoba, wale wanaowabebea wachezaji fimbo zao, kwa sababu kila walipopita walimkuta mikono imezama povuni hadi viwikoni. Jina la kwao alikuwa nalo, ila hata karani wa ofisini ilibidi afungue faili ndipo alikumbuke.

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Kila Jumatatu wazamiaji wawili waliingia bwawani wakatoa mipira kwa magunia. Yeye aliiloweka kwenye pipa lililokatwa nusu, akaisugua mmoja mmoja kwa mswaki, akaisuuza, akaipanga juu ya ubao uliopigiliwa misumari mitatu mitatu, kila mpira umekalia misumari yake kama sufuria kwenye mafiga, ukauke. Kisha aliigawa kwenye ndoo nne: ya kuuzwa tena, ya mazoezi, ya wanaoanza kujifunza, na ya kutupa. Kugawa huko hakuhitaji macho, alikuwa na kidole gumba. Mpira wenye ufa mwembamba kuliko unywele aliusikia gumbani akautupa ndoo ya nne huku anapiga soga.

Na kama kulikuwa na kitu alichokichukia duniani, baada ya ugonjwa uliomchukua mama yake, basi ni vibonyeo. Mpira wa gofu si laini kama mtu anavyodhani akiuona kwa mbali. Umejaa vibonyeo vidogo kila mahali, na tope hujificha humo humo. Miaka yote ile kazi yake ilikuwa ugomvi na vibonyeo. Siku moja ya mvua, magunia hayajaja, alichukua kalamu akavitia nukta kimoja kimoja, akapata mia tatu thelathini na sita kwenye mpira mmoja. Akamwendea fundi wa fimbo, mzee mwenye maneno ya kuchoma aliyekuwa na karakana yake ng'ambo ya banda, akamwambia, "Aliyebuni kitu hiki hajawahi kuosha hata kikombe." Fundi alicheka, akaendelea kupiga tupa fimbo yake. Hakusema neno, na kwa hilo mimi namlaumu mpaka leo. Angesema neno moja tu siku ile. Lakini hakuna aliyesema, naye hakuuliza, akaamini vibonyeo ni urembo, kama nakshi kwenye pindo la gauni.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu. Walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Mama alipofariki, Kitinda alikuwa na miaka mitatu na dada yake kumi na tisa. Baba alikuwa ameshaondoka zamani, na huko alikokwenda hakuna aliyekwenda kumwulizia. Wanaume wawili walikuja kumposa Bi Povu kwa nyakati tofauti, watu wazima na heshima zao. Kila mmoja alipofika kwenye swali la mtoto atakaa wapi, aliletewa maji ya kunywa na kusindikizwa mlangoni. Wa tatu hakuja.

Kwa hiyo Kitinda alikulia bandani. Alipopata kimo alianza kubeba mikoba, na kwa macho tu, bila mwalimu, akajifunza mchezo. Jioni wachezaji wakishaondoka alikuwa akipiga mipira ya ndoo ya tatu nyuma ya stoo kwa fimbo chache kuukuu alizopewa na fundi. Akahesabu hatua. Fimbo namba saba, hatua mia na hamsini. Namba tisa, mia na ishirini na tano. Akirudia kesho, hatua zile zile, na keshokutwa zile zile. Elimu ya gofu ndiyo hiyo, haina nguvu wala mbwembwe: kujua fimbo gani itaudondosha mpira wapi, na kuiamini.

Kila mwaka mara moja klabu iliwafanyia wabeba mikoba majaribio. Mashimo kumi na nane, siku moja, na atakayemaliza kwa mikwaju michache kuliko wenzake anakuwa mwalimu msaidizi: anapewa nyumba ndani ya uwanja, sare, na kazi ambayo mtu haifanyi huku amebeba mzigo wa mwenzake. Mwaka ambao Kitinda alitimiza ishirini na sita, hakuna aliyebishana. Hata waliokuwa wanashindana naye walisema wanagombea nafasi ya pili.

Kulikuwa na sharti moja: kila mshindani aje na mipira yake, yote ya aina moja. Wengine waliomba kwa wachezaji. Bi Povu hakutaka mdogo wake aombe. Miaka miwili mizima alikuwa akiokota kwenye ndoo ya kutupa, kwa ruhusa ya mwenye stoo, mipira ya aina moja ile nzuri kabisa ambayo matajiri huipoteza, mpaka ikafika kumi na miwili. Mizima yote, aliisikiliza kwa gumba. Kasoro yake ilikuwa rangi tu. Tope lilikuwa limeifanya ya manjano, na manjano ile haikutoka kwa sabuni wala kwa dawa. Sasa wewe fikiria mama amelea mtoto kwa mikono miwili, halafu siku yake ikifika asimame mbele ya kamati na mipira ya manjano kama kaokota jalalani. Ni kweli iliokotwa jalalani, lakini hiyo ndiyo sababu zaidi ya kutotaka ionekane hivyo.

Stoo kulikuwa kumebaki kopo la rangi nyeupe ya mafuta iliyopakwa milango ya vyumba vya kubadilishia nguo. Akaiomba. Akaipanga mipira kwenye ubao wa misumari, akapaka mkono wa kwanza, akasubiri siku mbili, akapaka mkono wa pili, kisha juu yake akamalizia na vanishi ing'ae. Alipaka taratibu kwa brashi ndogo, hakuacha michirizi. Na ilipokauka akaona jambo lililomfurahisha kuliko yote. Vibonyeo vilikuwa karibu vimekwisha. Vilibaki kama kivuli tu, na mpira umekuwa laini mithili ya yai. Akaupitisha gumbani, akacheka peke yake. "Haya, tope sasa likakae wapi," akauambia.

Asubuhi ya majaribio alimkabidhi mdogo wake ikiwa kwenye trei ya mayai, kumi na miwili, inawaka. Kitinda akasimama akiitazama.

"Dada, hii umeitengeneza lini?"

"Wewe ukiwa unalalamika chai haina sukari."

Akachukua mmoja, akauzungusha vidoleni, akatabasamu, akautia mkobani. Hakuujaribu. Kuna watu baadaye walisema angalijaribu, mchezaji mzima hawezi kuingia uwanjani na mpira asioujua. Mimi nawajibu, nani kati yenu anaonja chakula cha mama yake kabla ya kukimeza?

Mkwaju wa kwanza ulilia vizuri. Kila aliyekuwapo aliusikia. Mpira ukaondoka sawasawa, lakini haukupanda ulivyozoea kupanda, na ulipofika mahali ambapo wenzake huanza kuelea ukainamisha kichwa ukashuka. Ukaanguka hatua thelathini nyuma ya alipoutarajia. Kitinda akaitazama fimbo. Akang'oa majani akayarusha juu kuangalia upepo, yakamwangukia miguuni. Upepo haukuwapo. Shimo la pili hivyo hivyo, la tatu mpira ukadumbukia kwenye mtego wa mchanga. Kufikia la tano akaacha kuziamini hesabu zake. Akaanza kuchukua fimbo kubwa zaidi, akaanza kupiga kwa hasira, na mtu akipiga kwa hasira mpira huenda segemnege, kushoto mara kulia.

Shimo la tisa ndilo linalovuka bwawa. Hatua mia na arobaini mpaka ukingo wa pili, ndani ya kipimo cha namba saba yake, mkwaju ambao angeupiga akiwa amefumba macho. Bi Povu alikuwa nyuma ya kamba pamoja na wafanyakazi wengine. Aliuona mpira wake mweupe ukipanda, mzuri, unang'aa juani, na akauona ukitumbukia majini hatua nyingi kabla ya ukingo. Kitinda akaweka wa pili, ukazama. Akaweka wa tatu, ukazama. Mwanamke mmoja wa jikoni akamshika Bi Povu mkono, naye hakuhisi.

Alimaliza wa tatu kutoka mwisho. Mwenyekiti wa kamati akampa mkono akasema mwakani, kijana, mwakani.

Nyumbani hakula. Alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake miguuni. "Dada, nilipiga vizuri," akasema. "Hilo ndilo linalonichanganya. Ningekuwa nimekosea ningejua. Nilihisi mkwaju umekaa, kila mmoja, na bado mpira hauendi. Sasa mtu akipiga vizuri na mpira hauendi, maana yake nini?"

"Ni hofu, mdogo wangu," Bi Povu akamjibu, na kwa siku ile aliamini. "Hofu hukata nguvu."

"Basi sina moyo wa mchezo. Mkono wangu ni wa nyuma ya stoo. Mbele za watu haupo."

Baada ya wiki mbili alizirudisha zile fimbo kuukuu kwa fundi, akaenda kufanya kazi kwenye machimbo, kwenye mashine ya kusaga kokoto, mwendo wa saa mbili kutoka pale. Alipanga chumba huko, akawa anakuja Jumapili.

Wiki ya tatu fundi wa fimbo aliingia bandani kuomba mpira wa kujaribia fimbo aliyoitengeneza. Ile trei ya mayai ilikuwa juu ya rafu na mipira tisa iliyorudi. Akachukua mmoja. Gumba lake nalo lilikuwa na elimu yake. Likaupitia mpira, likasimama.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," Bi Povu akasema, na kusema kweli alisema kwa majivuno kidogo.

"Kitinda aliichezea hii?"

"Yote."

Mzee yule, ambaye hakukosa neno la kuchoma kwa yeyote, akavuta ndoo akaifudikiza akakaa. Hakuchoma mtu. Akauliza kama kuna mwingine wa aina ile ambao haukupakwa. Ulikuwapo mmoja, wa manjano, umetoka bwawani wiki ile. Wakatoka mpaka uwanja wa mazoezi. Fundi akaupiga wa manjano. Ukaenda, ukapanda, ukakaa hewani kama umesahau kitu huko juu, ndipo ukateremka mbali. Akaupiga mweupe kwa fimbo ile ile, kwa mwendo ule ule wa mkono. Ukanyanyuka kidogo, ukaanguka. Bi Povu akatembea mwenyewe kuhesabu. Hatua thelathini na moja baina yao. Wakaiokota, fundi akarudia mara tatu. Ilikuwa thelathini, ishirini na tisa, thelathini na mbili. Hata mara moja mweupe haukuupita wa manjano.

"Sikiliza, mama," fundi akasema. "Mpira ukiruka una ugomvi na watu wawili. Wa kwanza ni uzito wake. Dunia inauvuta chini tangu unapoachana na fimbo, haipumziki wala haichagui, mweupe na wa njano inaivuta sawa. Huyo humfanyi kitu. Wa pili ni hewa. Wewe huioni, lakini kwa kasi ile mpira unapita ndani yake kwa taabu kama mtu anayekimbia majini. Mbele inaugonga, na nyuma inabaki hewa iliyovurugika, kama lile vumbi linalofuata lori. Vumbi lile likiwa pana linaurudisha mpira nyuma. Sasa mpira laini hewa inauacha mapema. Ikifika ubavuni tu imeshabanduka, na nyuma panabaki upana mkubwa. Wenye vibonyeo, ile hewa iliyo karibu kabisa na ngozi yake inachezewachezewa na vibonyeo, inang'ang'ania, inauzunguka mpaka karibu na mgongo ndiyo iachie. Kinachobaki nyuma ni chembamba. Kwa hiyo unakwenda."

Bi Povu alikuwa ameushika mpira kwa mikono yote miwili.

"Na bado," fundi akaendelea. "Fimbo ikiupiga inauzungusha kinyumenyume. Mpira ukizunguka hivyo unaibeba hewa ya juu upesi na kuitupa nyuma chini. Ukiitupa hewa chini, yenyewe inakusukuma juu. Ndiyo ule wa manjano ulivyokaa kule juu wakati ulitakiwa uwe umeshaanguka. Vibonyeo ndiyo mikono ya mpira, ndivyo vinavyoishika hewa. Na kina chake ni unene wa karatasi mbili tatu, basi. Wewe umepaka rangi ya mlango mikono miwili, na vanishi juu."

"Kwa hiyo si urembo," Bi Povu akasema.

"Si urembo."

Wakarudi. Mlangoni mwa banda fundi akamwambia, "Mwambie. Mtoto yule anadhani ni yeye. Majaribio yapo mwakani, na mwakani anashinda."

"Nitamwambia Jumapili."

Na alikusudia. Siku nne zile hakulala vizuri, alikuwa anayapanga maneno huku anasugua. Jumapili Kitinda akafika amepauka kwa vumbi la kokoto, akala sahani mbili, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akacheka. Kulikuwa na binti kule machimboni, dada wa mwendesha mashine. Alimtaja mara nane kabla ya chai. Bi Povu akamtazama anavyocheka, akajiambia leo nisimharibie, nitamwambia wiki ijayo.

Wiki ijayo ilikuwa habari ya mahari. Iliyofuata alikuja na binti mwenyewe. Baadaye kukawa na harusi, na mtu gani atasimama harusini aseme mimi ndiye niliyekuangusha? Hivyo ndivyo yalivyokwenda. Hakuna siku aliyoamua kumficha. Aliahirisha tu, kama mtu anavyoahirisha kwenda kung'oa jino.

Majaribio ya mwaka wa pili yalipokaribia fundi akamwuliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia. Amesema ameshaacha."

Fundi alitikisa kichwa, akasema vijana wa siku hizi wepesi kukata tamaa. Na uongo huo ukawa kufuli, maana sasa angetaka kusema kweli ilibidi aseme kweli mbili.

Mwaka uliofuata Kitinda alikuja siku ya kazi, bila taarifa, akaingia bandani akakaa palepale alipokaa utotoni, juu ya gunia. Alichukua mpira kwenye ubao akawa anauchezea. Alikuwa na vidole vyake kumi siku hiyo. Akasema, "Dada, nikuulize. Unaonaje, nijaribu tena mwaka huu? Juzi nimeota napiga. Lakini sitaki kumwaibisha mke wangu kama nilivyokuaibisha wewe. Ukisema nijaribu, nitajaribu."

Hapo ndipo ningependa kuingia ndani ya habari hii nimshike yule mama mabega nimtikise. Mlango ulikuwa wazi wote. Hakuhitaji hata kuanza, alikuwa ameanziwa. Lakini Bi Povu alimtazama usoni, akaona jinsi alivyomwamini, akafikiri, nikisema, macho haya hayatanitazama hivi tena. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, hakuwa na nyumba ya kuitwa yake. Alikuwa na macho hayo tu. Akayaogopa.

"Una familia sasa, mdogo wangu," akasema. "Achana na kitu kilichokuumiza."

Kitinda akaurudisha mpira kwenye misumari yake, taratibu, usianguke. "Haya," akasema. "Wewe ndiye unayenijua." Akaondoka. Bi Povu aliendelea kusugua mpira ule ule mmoja mpaka maji yakapoa.

Wakapata mtoto wa kike. Majaribio ya mwaka huo yakapita, na ya mwaka wa baada yake yakapita. Fundi wa fimbo alistaafu akahamia kwa wanawe, akamwacha Bi Povu hana wa kumwuliza tena umemwambia. Ilitakiwa iwe nafuu. Haikuwa.

Mwaka wa tano, mwezi mmoja kabla ya majaribio, mkanda wa mashine ya kokoto ulimkamata Kitinda mkono wa kushoto. Ukachukua vidole vitatu. Mkono wa kushoto ndio unaoiongoza fimbo, wa kulia unaufuata tu. Asiyecheza gofu hajui hilo. Bi Povu alilijua.

Alifika hospitali na khanga yake imegeuzwa nje ndani. Kitinda alikuwa amelala, mkono umefungwa bandeji nyeupe mpaka kwenye kifundo, umeinuliwa juu ya mto. Akamwona dada yake anataka kulia, akataka kumpoza, kama alivyozoea, kwa mzaha.

"Usilie bwana. Bahati nzuri sikuwa mchezaji. Ningekuwa mchezaji ningeumia mara mbili."

Wallahi sijui binadamu anaubebaje mwili wake baada ya neno kama hilo. Bi Povu alitoka nje, akashika ukuta wa korido, akatapika kwenye ndoo ya mfagizi.

Alisubiri kidonda kipone. Miezi miwili. Kisha Jumapili moja akaenda kwao, hakusubiri kuulizwa hali wala kupewa maji. Wifi yake alikuwa uani anafua, mtoto amelala. Kitinda alikuwa barazani anajifunza kufunga kamba za viatu kwa mkono mmoja na nusu. Akakaa mbele yake akamweleza yote: rangi, vanishi, fundi, hatua thelathini na moja. Akamweleza habari ya hewa inavyong'ang'ania na inavyobanduka, kwa maneno yale yale ya mzee, maana alikuwa ameyarudia kichwani mara elfu. Alipomaliza aliinamisha kichwa akasubiri.

Midomo ya Kitinda ilikuwa inacheza. Alikuwa anahesabu.

"La kwanza, thelathini," akasema polepole. "La tatu nilitia mchangani, ningepita mchanga. La tisa." Akasimama. "Dada, la tisa ningevuka. Ningevuka na zaidi."

"Ungevuka."

"Kwa hiyo nilikuwa nimepiga vizuri."

"Ulipiga vizuri, mdogo wangu. Kila mmoja."

Na uso wa Kitinda ukafunguka. Bi Povu alikuwa amejitayarisha kwa kila kitu, kwa matusi, kwa kufukuzwa, lakini si kwa furaha. Mdogo wake alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, anazunguka baraza ile ndogo, mkono mbovu umepachikwa kwapani. Akamwita mkewe. "Njoo usikie. Njoo. Kumbe sikuwa mbovu. Ilikuwa rangi, mke wangu, ilikuwa rangi tu." Akamwelekea dada yake akamshika kichwa akakibusu. "Na wewe umeteseka bure. Ulikuwa unanitakia mema, ungejuaje?" Kwa muda ule mfupi Bi Povu alisamehewa, na alijua anasamehewa kitu kimoja kati ya viwili.

Wifi yake alikuja anafuta povu mikononi. Alisikiliza mpaka mwisho, akafurahi pamoja na mumewe, mwanamke mwema asiye na hila. Ndiye aliyeuliza, na hakuuliza kwa ubaya.

"Kumbe. Na wewe wifi ulikuja kujua lini?"

Neno juzi lilikuwa limeshafika mdomoni. Lilikuwa jepesi, lingetosha, fundi hakuwapo tena wa kulikanusha. Kitinda naye alikuwa anamtazama, bado anatabasamu, anasubiri jibu kama mtu anayesubiri kipande cha mwisho cha habari njema.

"Wiki ya tatu," Bi Povu akasema. "Baada ya majaribio. Mwaka ule ule."

Mtoto aliamka ndani akaita, wifi yake akaingia kumchukua, hakutoka tena. Kitinda alikaa chini. Akaweka mkono wa kushoto juu ya goti akautazama, kisha akautazama wa kulia, akakunja kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, akaishia hapo. Yalikuwa majaribio matatu aliyoyakosa.

"Sawa, dada," akasema. Hakupandisha sauti. Akainuka akampigia mkewe hodi mlangoni kwake mwenyewe, akamwomba achemshe chai, mgeni asiondoke hivi hivi.

Bi Povu bado anaosha mipira, na Jumapili bado anakwenda. Hawajawahi kugombana, na mtu akimwuliza Kitinda habari za dada yake husema mzima, tunamshukuru Mungu. Akifika hutolewa kiti kizuri, kile chenye mto. Chai inaletwa kwenye sinia, vikombe vile visivyotumika kila siku, na sukari pembeni ajitilie mwenyewe. Anaulizwa habari za kazi, anajibu. Na akisema jamani niondoke, hakuna anayemwambia kaa kidogo.